SOMO: KAZI YA MSAIDIZI WA MENO NA MSHAHARA WAKE

Mara nyingi wazazi wanatujia mlangoni pa chumba cha meno na ulizo moja: "Mwalimu, mtoto wetu akijifunza kazi hii, atapata feza ngapi?" Wengine wanaona haya kuuliza, wakifikiri ni tamaa. Si tamaa. Mwenye akili anahesabu matofali kabla ya kuanza nyumba. Basi tuhesabu pamoja.

1. Kazi yenyewe ni nini?

Msaidizi anampokea mgonjwa na kumtuliza, anaandika jina lake, anatayarisha kiti na taa, anampa munganga wa meno vyombo. Mgonjwa akitoka, anasugua vyombo kwa brashi na sabuni, anavifunga katika kitambaa, anavitia katika chungu cha mvuke kwa digrii 121, dakika 30. Kuchemsha kwa maji tu hakutoshi, kwa maana vijidudu vingine havifi humo. Koleo chafu linaweza kupeleka ukimwi au ugonjwa wa ini toka kinywa hata kinywa. Kwa hiyo msaidizi hamsaidii munganga tu. Anamlinda kila mgonjwa anayefuata.

2. Je, kazi iko?

Haja iko, tena kubwa. Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika katika mwaka 2022 kwamba katika Afrika kuna wanganga wa meno kama 3 tu kwa watu 100.000. Lakini haja na nafasi ya kazi si kitu kimoja. Mahali pasipo munganga wa meno, msaidizi atamsaidia nani? Viti vya meno vingi viko katika miji mikubwa, kama Kinshasa na Lubumbashi. Vijijini, anayeng'oa jino kwa kawaida ni mwuguzi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: kijana amalize kwanza masomo ya uuguzi, kisha ajifunze meno kando ya munganga. Kiti kikivunjika, bado ana kazi katika vyumba vya wagonjwa. Tena kuna njia ya kuziba jino pasipo mashine wala umeme, iliyoanza kutumiwa katika Tanzania katika miaka ya 1980. Mfanyakazi aliyefundishwa vizuri anakwangua uozo kwa vyombo vya mkono, kisha anaziba tundu. Njia hii inafaa kwetu.

3. Mshahara unatoka wapi?

Unatoka mahali patatu: Serikali, sanduku la hospitali, na malipo ya wagonjwa. Wafanyakazi wengi wa afya katika Kongo wanatumika miaka mingi kabla majina yao hayajaingia katika orodha ya Serikali. Katika vituo vingi wanagawanya tu kile wagonjwa walicholipa mwezi ule. Mwezi wa njaa, wanagawanya kidogo.

Wengine wamesikia kwa ndugu walio Marekani kwamba msaidizi wa meno anapata feza nyingi huko. Ni kweli kwamba katika mwaka 2024 mshahara wa katikati ulikuwa dola 47.300 kwa mwaka. Lakini nyumba na chakula cha huko vinalipwa kwa dola zile zile, na kila jimbo lina sheria yake juu ya masomo na vyeti. Usimpime mtoto wako kwa kipimo cha huko.

Kabla ya kukubali kazi, uliza mambo manne: Nani atanilipa? Siku gani? Je, kuna karatasi yenye sahihi? Nikichomwa na sindano, nani atanitunza?

4. Mshahara unapochelewa

Kijana mmoja niliyemfundisha mimi mwenyewe alikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwisho alichukua koleo, akaenda kung'oa meno sokoni juu ya kigoda, bila kusafisha chombo. Siku moja tuliletewa mama aliyevimba taya hata shingo, hawezi kufungua kinywa. Mungu alisaidia, akapona. Nilikwenda kwa kijana yule na hasira. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, miezi ile yote, mlifikiri watoto wangu wanakula nini?"

Sikuwa na jibu. Kosa lake ni kosa, maana shida haisafishi koleo. Lakini mimi nilikuwa katika kamati, na katika sanduku letu ilikuwamo feza ya mabati. Tulihesabu mabati, hatukumhesabu mtu.

Basi, kijana, ujifunze vizuri, wala usifanye kazi usiyofundishwa. Mzazi, uulize juu ya mshahara bila haya. Mgonjwa, lipa deni lako kwa kadiri unavyoweza, maana ndilo linalonunua sabuni na unga wa mfanyakazi. Nanyi wazee wa kamati, mlipeni mtu kabla ya kununua bati.

MAULIZO
1. Kwa nini kuchemsha vyombo kwa maji tu hakutoshi?
2. Haja ya kazi na nafasi ya kazi zinatofautianaje?
3. Katika kanisa lako, ni nani anayefanya kazi bila kulipwa? Mtafanya nini mwezi huu?