KUJIFURAHISHA UFUONI: MAJI KUJAA NA KUPWA

Mji wa Mombasa umejaliwa mahali pengi pazuri pa kupumzikia watu wote. Kisiwani iko bustani ya Mama Ngina, iliyotengenezwa upya mwaka 2019, ambako watu hukaa jioni karibu na mibuyu, wakila mihogo ya kukaanga na kutazama meli ziingiazo Kilindini. Kaskazini yake, huko Bamburi, uko ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao siku za sikukuu hujaa watu, na wengi wao ni wageni watokao bara.

Mgeni huipenda bahari, lakini mara nyingi haijui tabia yake. Wahenga walinena: Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi yafaa kila mzazi ajifunze tabia hiyo kabla hajawapeleka watoto pwani.

Toka maji kupwa mpaka kujaa ni muda wa saa sita na robo hivi. Kwa sababu hiyo, saa za maji huchelewa kila siku kwa kadiri ya dakika 50 kuliko za jana. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake hufika mita 3 na zaidi. Mwezi uwapo nusu, huwa ni maji mafu.

Siku za bamvua, bahari ya Mombasa hupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Baba afikaye Bamburi wakati huo huona mchanga mtupu mpaka mbali, na maji hayafiki magotini. Watoto hukimbilia fungu la mchanga lililo mbele, wakaokota makombe. Lakini maji yarudipo, hujaza kwanza mabonde yaliyo kati ya fungu na ufuo. Mtoto akigeuka, huona njia aliyoipita kwa miguu imekwisha kuwa kilindi.

Kwa hiyo yakumbukwe mambo haya:

1. Waulizwe wavuvi au walinzi wa ufuo saa ya maji kuanza kujaa, na watu warudi kabla ya saa hiyo.

2. Asiyejua kuogelea asitumaini mpira wa gari uliotiwa upepo, kwani maji yapwayo huuchukua mbali.

3. Mkondo wa Likoni ni wa kutazamwa, si wa kuogea. Jina lenyewe Kilindini laonya.

4. Avaaye viatu hujikinga na miiba ya baharini.

5. Matumbawe yasivunjwe wala kuchukuliwa, maana sehemu ya bahari hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986.

Ajuaye saa za maji hufurahi siku nzima, na jioni huhesabu watoto wake akawakuta wote.