Mwandishi wa Gazeti

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika iko nchi ya Tanzania. Huko, kijijini Lupaso, alizaliwa Benjamin Mkapa mwaka 1938. Alisoma katika shule za misioni, kisha akajifunza Kiingereza katika chuo cha Makerere, Uganda. Alimaliza mwaka 1962. Kwanza alifanya kazi ya serikali. Mwaka 1966 akawa mhariri, yaani mkubwa wa waandishi, wa magazeti mawili: Uhuru, la Kiswahili, na The Nationalist, la Kiingereza.

Je, kujua lugha kwatosha? Hapana. Lugha ni kama jembe: halilimi peke yake.

Tuseme watu wa Salamabila wanasema: «Daraja la njia ya Kasongo limevunjika.» Mwandishi mwema haandiki upesi. Anamtafuta dereva aliyetoka huko, anamwuliza: Daraja gani? Lini? Umeliona kwa macho yako? Maana akiandika uwongo, wachuuzi hawatasafiri, na mgonjwa atakaa nyumbani asipelekwe hospitali.

Mkapa alikuwa Rais wa Tanzania tangu 1995 hata 2005. Alikufa mwaka 2020.

Maulizo
1. Mkapa alijifunza nini Makerere?
2. Kwa nini mwandishi anamtafuta dereva?
3. Andika habari moja ya kijiji chako. Nani aliiona?