BUNDUKI YA HEWA NA MANENO YAKE

Hapa mtaani Baba Dogo neno bunduki halitajwi kwa furaha. Mlio ukisikika usiku, mama huzima taa nasi tukalala sakafuni mpaka kutulie. Vijana wana majina yao: mchuma ni bunduki ya kweli, bonoko ni ya bandia, na gizani hakuna awezaye kuzitofautisha. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba kuna bunduki ya michezo, tena ya Olimpiki, aliniuliza kama nina homa. Makala haya ni jibu langu kwake, na pia kwenu wanachama, maana Kiswahili kina utajiri katika jambo hili.

Tuanze na maneno. Bunduki tumelipata kutoka Kiarabu, ambako bunduq ni aina ya kokwa, na vile vigololi vya kurushwa vilifanana na kokwa hizo. Risasi nayo kwanza ni jina la madini, yale mazito laini ya kijivu; kinachotoka mtutuni kikaitwa kwa jina la kile kilichokitengeneza. Lenga limezaa lengo, na shabaha ni kile kinacholengwa. Ndiyo maana mwalimu akiandika ubaoni "shabaha ya somo" anazungumza lugha ya wapigaji bunduki bila kujua!

Sasa chombo chenyewe. Bunduki ya hewa haina baruti wala moto. Ile ya kawaida huvunjwa katikati: unashika mtutu (wengine husema kasiba) na kuukunja chini kwa nguvu, na kule ndani springi inabanwa nyuma ya pistoni. Unatia kichembe cha risasi chenye kiuno chembamba kama kibuyu kidogo, kisha unaufunga mtutu. Ukivuta kifyatulio, springi inafyatuka, pistoni inaruka mbele na kuibana hewa ghafla, na hewa hiyo ndiyo inayokisukuma kichembe nje. Wale waliosoma sheria ya Hooke katika kidato cha pili watanielewa upesi. Si uvumbuzi wa juzi pia. Wapelelezi Lewis na Clark, waliovuka Marekani kati ya 1804 na 1806, walibeba bunduki ya hewa wakawaonyesha wenyeji, nao wakastaajabu kuona risasi inatoka bila moshi.

Mimi niliishika mara ya kwanza kwenye maonyesho ya kilimo pale Jamhuri, nikiwa na binamu yangu. Shilingi hamsini, risasi tano. Mzee mwenye kibanda alinitazama sare, akacheka kidogo, kisha akaanza kunifundisha kama mwalimu hasa. "Dada, usiikabe. Ilaze tu mkononi." Nilidhani anatania, kumbe ana sababu. Bunduki ya springi hutikisika mara mbili, nyuma halafu mbele, kabla kichembe hakijatoka nje, na ukiibana kwa nguvu mtikisiko huo hubadilika kila mara. Ukiilegeza, hutikisika vilevile kila mara.

"Pumua, toa nusu, ngoja kidogo. Jicho kwenye ncha ya mbele, si kwenye karatasi." Hilo nalo lina maana. Jicho la binadamu haliwezi kuona wazi vitu vitatu vilivyo mbali tofauti kwa wakati mmoja, yaani kipengo cha nyuma, ncha ya mbele na shabaha. Kinachochaguliwa ni ncha. Shabaha iache iwe na ukungu. Tena kifyatulio hakivutwi kwa pupa kama mtu anayepiga manati. Hubonyezwa polepole mpaka mlio wenyewe ukushtue.

Matundu yangu matano yalikaa upande wa kushoto wa duara, yamesongamana kama kuku kwenye tenga. Binamu alicheka sana. Mzee hakucheka. Alisema matundu yakikaa pamoja mkono umetulia, kilichopinda ni kipengo, na kipengo hurekebishwa kwa bisibisi. Anayepaswa kuhangaika ni yule ambaye matundu yake yametawanyika.

Katika Olimpiki mchezo huu uliingia mwaka wa 1984 kule Los Angeles. Umbali ni mita 10, kichembe kina kipenyo cha milimita 4.5, na kidoa cha alama kumi kina upana wa nusu milimita tu, kama ncha ya kalamu ya wino! Mchezaji hupiga risasi 60 kabla ya fainali. Bunduki zao hutumia hewa iliyojazwa kwenye mtungi, hazitikisiki kama ile ya kibandani. Abhinav Bindra alishinda dhahabu mwaka wa 2008 kule Beijing, na ilikuwa dhahabu ya kwanza ya mtu mmoja katika historia ya India.

Mama alisikiliza yote haya akichambua sukuma. Akauliza, "Na hicho kichembe kikigonga jicho?" Kweli, hutoboa jicho. Ndiyo maana mzee hakuruhusu mtutu uelekee popote ila mbele, hata ukiwa mtupu, na bunduki ilifungwa kwa mnyororo mezani. Nikamwambia hivyo. Akasema basi ikae huko huko Jamhuri, hapa Baba Dogo asiione hata ya plastiki. Hapo tulikubaliana.

Limebaki neno moja. Nimesema kichembe kwa kuwa risasi ni jina la madini na la kile cha baruti pia. Mwanachama mwenye neno bora amletee katibu kabla ya kufunga shule.