Dondoo Muhimu: Tovuti Isomeke, Kibaha Hadi Kisarawe

Unatengeneza tovuti ya shule Kibaha au ya duka la pembejeo Kisarawe? Wasomaji wengi wataifungua kwa simu, na baadhi yao wamekwisha kukuza maandishi kwenye mipangilio. Usiwawekee kizuizi.

• Kwa ukubwa wa maandishi, tumia rem badala ya px. Kwa kawaida kivinjari huanza na pikseli 16, hivyo 1rem ni 16. Bibi anayesoma akiongeza hadi 20, maandishi yanamfuata. Ukiandika 16px, yanabaki pale pale.

• Chunga em. Hufuata ukubwa wa maandishi ya kisanduku kinachoizunguka: 0.8em ndani ya 0.8em inakuwa 0.64 ya ukubwa wa awali.

• Kuza ukurasa hadi asilimia 200. Maneno yakikatika au kupandana, rekebisha.

• Andika lang="sw" kwenye lebo ya html, ili programu zinazowasomea wasioona zitambue Kiswahili.

• Pitisha msimbo kwenye kikaguzi cha validator.w3.org kabla ya kupandisha tovuti hewani. Anza na kosa la kwanza: lebo moja isiyofungwa huzaa makosa lukuki chini yake.

• Jaribu kwenye simu ya bei nafuu. Kikaguzi huona sarufi ya msimbo tu. Hakijui macho ya msomaji.