Wasifu wa Marehemu: Mafunzo Niliyopata kwa Mzee Samuel Sitta

Mtaani kwetu Tabora, msiba ukitokea watu hugawana kazi upesi. Huyu anashughulikia turubai na viti, yule anashika daftari la rambirambi, vijana wanakwenda makaburini na majembe. Wasifu wa marehemu huniangukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na mwandiko wangu unasomeka. Nimewaandikia wakulima wa tumbaku, wauguzi, watu wa reli na mawakili. Lakini kazi hii niliielewa vizuri zaidi Novemba 2016, tulipokuwa tukisubiri mwili wa Samuel Sitta urudi kuzikwa Urambo. Alifariki tarehe 7 mwezi huo mjini Munich, Ujerumani, alikokuwa akitibiwa. Wiki ile nilisoma na kusikiliza kila kilichosemwa juu yake, kimoja kimoja, kama fundi anayekagua kazi ya mafundi wenzake. Niliyojifunza ndiyo haya.

1. Vyeo vinaweza kungoja

Karibu kila tangazo lilianza na vyeo: Spika wa Bunge 2005 hadi 2010, waziri kwa nyakati tofauti, mkurugenzi wa Kituo cha Uwekezaji, mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Mstari wa tatu msikilizaji ameshachoka, na marehemu bado hajaonekana. Mimi ningeanza na Urambo, alikozaliwa tarehe 18 Desemba 1942. Urambo ni jina lililotokana na Mtemi Mirambo, yule aliyewatoza ushuru wafanyabiashara wa msafara na kuwafungia njia ya Ujiji walipomkorofisha. Sitta alipokuwa mtoto mdogo, Waingereza walikuja hapo na matrekta yao kulima karanga. Mpango ule ulianza mwaka 1947, na kufikia 1951 ulikuwa umekwisha kwa hasara iliyosemwa hadi bungeni London. Baadaye ndipo tumbaku ikashika. Mtoto wa Urambo wa miaka ile hakuhitaji kufundishwa darasani kwamba serikali inaweza kukosea hesabu.

Kisha aandikiwe Tabora Boys, shule waliyopitia Julius Nyerere na Rashidi Kawawa. Baada ya hapo ndipo vyeo vije, kwa ufupi.

2. Mtani apewe nafasi

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo walipita Ugogo, wakapita na Uzaramo. Huko waligombana na watu, wakaombana maji na chakula, wakazoeana. Utani tulio nao na Wagogo na Wazaramo umetoka kwenye njia ile. Mpaka leo mtani akija msibani kwetu anaruhusiwa kusema asilothubutu mtoto wa marehemu: kwamba mzee alikuwa bahili, kwamba alipenda kusifiwa, kwamba deni la fulani hakulilipa. Watu hucheka katikati ya kilio, na wakishacheka humkumbuka marehemu kama alivyokuwa.

Ndiyo maana sasa, kabla ya kuandika, namtafuta mtani kwanza na kumuuliza angesema nini. Halafu nawauliza ndugu wa kuzaliwa naye, hasa dada mkubwa kama yupo, kwa kuwa dada mkubwa hajali cheo cha mtu aliyewahi kumbeba mgongoni. Watoto nawaacha mwisho. Watoto husifu mno.

3. Ujana usifutwe

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewachukua miaka miwili na kuwakata sehemu kubwa ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza wanafunzi karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sitta alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Alirudi baadaye, akahitimu sheria mwaka 1971, na mwaka 1975 akawa mbunge.

Matangazo mengi yaliruka jambo hili au yalilitaja kwa kulipapasa, kana kwamba lilimtia aibu. Kwa maoni yangu lina thamani kuliko cheo chochote alichopata baadaye. Mtu aliyefukuzwa chuo na Rais wa nchi, kisha akarudi kusomea sheria na kuitumikia serikali ileile, ameshajua gharama ya kusema na gharama ya kunyamaza. Familia nyingi huniambia, "Mwalimu, hilo liache." Huwa nawasihi libaki.

4. Mwanasheria atafutwe kwenye kanuni

Hapa ndipo kazi ilipo. Daktari hukumbukwa na aliowaponya na mwalimu na aliowafundisha, lakini kazi ya mwanasheria hukaa kwenye karatasi ambazo hakuna anayezisoma msibani.

Sitta alipokuwa Spika, Bunge lilipata Kanuni za Kudumu mpya, toleo la 2007. Humo ndimo yalimotoka maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, ambayo sisi wa Tabora tuliyasikiliza redioni kama watu wanaosikiliza mpira. Ni katika kipindi chake pia kamati za kukagua fedha za umma ziliongozwa na wapinzani: John Cheyo Hesabu za Serikali, Willibrod Slaa Serikali za Mitaa, Zitto Kabwe Mashirika ya Umma. Mambo haya yanasikika makavu. Lakini ripoti ya ukaguzi ikiwa mikononi mwa mtu asiyetegemea fadhila za waziri, waziri hulala vibaya.

Halafu ikaja kashfa ya kampuni ya Richmond. Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule chini ya Harrison Mwakyembe, naye mwanasheria, kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura. Ripoti ilisomwa mapema Februari 2008, na tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Wengi walimsifu Sitta kwa ujasiri. Mimi namsifu kwa utaratibu: kamati iliundwa kwa kanuni, ikapewa hadidu za rejea, ripoti ikasomwa hadharani. Ujasiri bila utaratibu ungeishia kwenye kelele za siku mbili. Mwaka 2010 chama chake kiliamua kwamba mgombea wa uspika awe mwanamke, na kiti kikaenda kwa Anne Makinda. Kila mtu na tafsiri yake ya uamuzi ule. Yangu haihitaji kuandikwa hapa.

Tangu wakati ule, nikimwandikia wakili wa mjini kwetu, sianzi na shahada zake. Naomba nioneshwe kesi moja, mkataba mmoja wa kijiji au wosia mmoja alioutetea.

5. Lawama iandikwe na mkono uleule

Agosti 2007 Bunge la Sitta lilimsimamisha Zitto Kabwe, kijana wa Kigoma, kwa madai aliyoyatoa dhidi ya Waziri Nazir Karamagi kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Miezi michache baadaye waziri huyohuyo alijiuzulu pamoja na Lowassa katika sakata la Richmond. Spika wa kasi na viwango, kama alivyopenda kuitwa, siku ile viwango vilimponyoka.

Jambo kubwa zaidi ni la 2014. Alipoongoza Bunge Maalumu la Katiba, makamu wake akiwa Samia Suluhu Hassan, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka nje Aprili kwa kuona kwamba rasimu ya Tume ya Jaji Warioba inavunjwa, hasa muundo wa serikali tatu. Yeye aliendelea bila wao. Kanuni zikarekebishwa hata wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda Hija, wakaweza kupiga kura, na tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapita. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Mtu yule aliyezitumia kanuni 2008 kumwajibisha mkubwa alizitumia 2014 kumaliza kazi ambayo sehemu ya nyumba ilikuwa imeikataa. Nilimheshimu sana mzee huyu, na ndiyo sababu naliandika.

6. Mke si mstari wa mwisho

"Ameacha mjane na watoto." Basi. Huo ndio wasifu wa mke katika misiba yetu, hata kama ndiye aliyebeba nyumba.

Margaret Sitta alikuwa mwalimu, akakiongoza Chama cha Walimu Tanzania, na mwaka 2006 akawa Waziri wa Elimu. Akisimama bungeni kujibu maswali, alipaswa kumwita mumewe "Mheshimiwa Spika" kama mbunge mwingine yeyote. Kisha likatokea jambo ambalo sikulisikia likisemwa popote wiki ile ya msiba: Lowassa alipojiuzulu, baraza zima la mawaziri lilivunjika, na Mama Sitta naye akapoteza kiti. Mchakato uliosimamiwa na mume ulimwondoa mke kazini. Siku chache baadaye aliteuliwa tena, akapewa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Mwaka 2015 wananchi wa Urambo walimchagua kuwa mbunge wao kwa kura zake mwenyewe. Ukitaka kujua kama mwanasheria alimaanisha aliyoyasema juu ya sheria, angalia kama sheria iliwahi kuingia nyumbani kwake.

7. Waulizwe waliobeba

Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, lipo tembe alilokaa mpelelezi Livingstone. Oktoba 1873 watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walifika Unyanyembe wakiwa wamebeba maiti yake kutoka Chitambo. Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapahapa, wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, Februari 1874. Livingstone alizikwa Westminster Abbey mwezi Aprili, na wawili hao walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Lakini Horace Waller alipohariri shajara za mwisho za marehemu, ilibidi awakalishe chini na kuwauliza, maana wao ndio waliojua.

Sitta alisafiri upande wa pili, kutoka pwani kuja bara. Aliagwa Karimjee, Dar es Salaam, mwili ukapelekwa bungeni Dodoma, na tarehe 12 Novemba akazikwa Urambo. Waliobeba kazi yake ni makatibu wa Bunge, wapiga chapa, madereva na maofisa wa kamati. Wengi wao bado wapo na wamestaafu. Kumbukumbu rasmi za mijadala nazo zimo kwenye tovuti ya Bunge, bure. Kijana wa Urambo au Tabora unayesomea sheria au uandishi wa habari, watafute watu hao mwaka huu uwarekodi, kabla na wao hatujaitwa kuwaandikia wasifu.