Dondoo muhimu: Kiangazi shambani Nundu
Mvua zikikatika mwezi wa sita, lengalenga na maharage vihamie bondeni penye unyevu. Kazi kubwa sasa ni muhogo. Ule mchungu uloweke siku tatu au nne, mpaka ukiubonyeza kwa kidole unamegeka na nyuzi za kati zinachomoka zenyewe. Kuloweka ndiko kunakoondoa sumu. Anayeuopoa mapema kwa haraka ya soko anachezea miguu ya watoto, maana konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, hupoozesha. Anika kwenye turubai, mbali na vumbi la barabara ya Baraka. Mbegu ya muhogo je? Chagua mashina ambayo majani yake hayajajikunja wala hayana madoa ya manjano, uyasimamishe kivulini hadi mvua za Septemba. Mbuzi wafungwe: msimu huu hawachagui cha kula.