Mafuta ya chipsi kwenye Hiace ya dizeli: gari litakwenda, lakini mpaka wapi?

Mimi ni dereva, naishi Nyanga hapa Bukoba, nina Hiace ya dizeli yenye injini ya 3L na napiga ruti ya Muleba. Dizeli inanimaliza, nikishajaza tangi na kulipa konda sibaki na kitu. Kuna mama anakaanga chipsi mjini, yuko tayari kuniuzia dumu la lita 20 la mafuta yaliyokwisha kukaangia kila wiki, kwa bei ndogo. Rafiki yangu aliyetoka Kigoma anasema hata mawese yanafaa. Fundi wangu anasema nichanganye na mafuta ya taa kidogo ili yawe mepesi, gari litakwenda tu. Nijaribu?

Dereva wa Nyanga

Usijaribu, mwanangu. Fundi wako hakukudanganya, gari litakwenda, na hapo ndipo hatari ilipo. Lingegoma siku ya kwanza ungeacha mara moja. Litakwenda wiki ya kwanza, litakwenda mwezi, moshi utanukia kama kibanda cha chipsi nawe utajiona umeokoka, huku ndani injini inaharibika polepole.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio lile, kwa sababu makoloni yake ya Afrika yalikuwa na karanga nyingi. Kwa hiyo anayekuambia dizeli inaweza kula mafuta ya kupikia hasemi uongo. Asichokuambia ni kwamba pampu na nozeli za gari lako zilitengenezwa kwa kitu chepesi, na mafuta ya kupikia yana uzito wa kumiminika karibu mara kumi ya dizeli.

Uzito huo ndio chanzo cha matatizo yote. Nozeli kazi yake ni kupuliza dizeli iwe kama ukungu, iwake yote kwa kufumba na kufumbua. Ukiipa mafuta mazito inatema matone. Tone haliungui lote. Linalobaki linaganda kwenye ncha ya nozeli kama masizi magumu, linagandisha ringi za pistoni, na jingine linateremka ukutani mwa silinda mpaka kwenye oili. Nimewahi kufungua sampo ya injini iliyolishwa hivi miezi kadhaa, nikakuta oili imekuwa kama uji uliolala. Haikumwagika, tuliichota. Mwenye gari alikuwa ananiapia kwamba halijawahi kumsumbua hata siku moja.

Kwako kuna jambo la pili. Pampu ya 3L ni ya mzunguko, nayo inalainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma, haina oili yake. Alfajiri yenye baridi, mafuta yakiwa mazito, mhimili wake unalazimishwa kuzunguka kwa nguvu ambayo haukuundiwa. Ndiyo maana mwenye Canter ya zamani yenye pampu ya mstari, inayolainishwa na oili ya injini, anaweza kuvumilia muda mrefu kuliko wewe, akaja kukushauri kwa nia njema kabisa.

Mafuta ya taa hayakuokoi. Ni kweli yanapunguza uzito, lakini ni makavu, hayalainishi pampu. Na faida yenyewe ilishaondoka: mwaka 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa, makusudi kabisa, ili bei yake isogelee ya dizeli na watu waache kuchakachua. Utatumia fedha karibu ile ile kununua kitu kinachokula pampu yako.

Sasa mawese. Rafiki yako wa Kigoma ameyaona yakimiminika mchana wa jua. Mwambie achukue chupa moja, aiache nje usiku hapo Nyanga, muiangalie pamoja saa kumi na moja alfajiri. Bukoba usiku joto linashuka mpaka nyuzi 16 au 17, na kwa joto hilo mawese yanaganda nusu, kama samli. Hivyo ndivyo yatakavyokuwa ndani ya tangi lako na ndani ya filta, abiria wakiwa wameshapanda. Ukifanikiwa kuwasha, injini itakosa mafuta kwenye mlima wa Muhutwe na gari limejaa. Mafuta ya alizeti hayagandi kwa baridi yetu, lakini yana tabia nyingine: yakipata joto na hewa yanageuka ulimbo.

Ya chipsi yana yote hayo, na juu yake yana maji ya viazi, makombo na tindikali inayotokana na kukaangia mara nyingi. Kitambaa kinachuja makombo tu. Maji yanapita, yanakwenda kutia kutu ndani ya pampu.

Ipo njia sahihi. Mafuta ya mimea huchanganywa na methanoli na magadi makali, yakatengana, glisirini ikazama chini, na juu ikabaki dizeli ya mimea yenye wepesi unaokaribia dizeli ya kawaida. Indonesia wanachanganya dizeli inayotokana na michikichi kwenye dizeli ya nchi nzima. Lakini ile ni kazi ya kiwanda chenye vipimo. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na mwali wake mchana karibu hauonekani kwa macho. Nakusihi usiifanye uani ambako watoto wanacheza.

Tanzania tumeshajaribu pia. Utakumbuka habari za mibono kaburi, ile mimea ya mbegu za mafuta, miaka ya 2000. Kampuni za kigeni zilichukua ardhi ya kuipanda Kisarawe na Kilwa, vijiji vikaahidiwa ajira, kampuni zikaanguka, na wanavijiji wakabaki wakidai ardhi yao. Linaniuma mpaka leo. Kilichonivutia mimi ni kidogo zaidi, kule Engaruka, Monduli, ambako shirika la TaTEDO lilifunga injini nzito ya kusimama, ikaendeshwa kwa mafuta ya mbono kutoa umeme na kuendesha mashine za kijiji. Injini ya namna hiyo inakwenda taratibu, mwendo mmoja, na fundi amekaa kando yake. Hiace inayosimama na kuondoka kila kituo kuanzia Kemondo mpaka Muleba si mahali pa majaribio hayo.

Hebu tupige hesabu. Kwenda Muleba na kurudi ni kama kilomita 140. Gari lako likienda kilomita 10 kwa lita, ni lita 14. Dumu la mama wa chipsi ni safari moja na nusu kwa wiki nzima! Kwa akiba hiyo unaweka rehani pampu, nozeli na injini. Wapo wanaofunga tangi la pili na kupasha mafuta kwa maji ya rejeta mpaka nyuzi 70 na zaidi, wakawasha na kuzima kwa dizeli, na oili wakabadili kwa nusu ya kilomita za kawaida. Kwa injini kama yako inawezekana, ila kwa lita 20 kwa wiki gharama ya kufunga hairudi. Na mwenye D4D anayesoma hapa asifikirie hata hilo. Nozeli zile ni za shinikizo kubwa mno, tone moja chafu linatosha.

Akiba yako iko kwingine. Peleka nozeli zikapimwe kwenye mashine. Ikiwa gari linatoa moshi mweusi mlimani, unachoma fedha kila safari. Piga filta ya hewa upepo, ikichoka badili. Jaza tairi upepo unaotakiwa. Bukoba tunapata mvua ya milimita kama 2,000 kwa mwaka, unyevu unaingia mpaka kwenye tangi, kwa hiyo fungua kiziba cha chini ya filta ya dizeli kila wiki, maji yatoke. Yule mama mwambie awauzie watengeneza sabuni, na asimuuzie mtu wa kukaangia samaki tena.

Kama umeshamimina kabla hujapata jibu hili, usiwashe gari. Mwaga tangi, badili filta ya dizeli na oili, safisha mabomba kwa dizeli safi, ndipo uwashe. Nozeli zikishapimwa, niandikie uniambie moshi umekuwa rangi gani pale Muhutwe.